Kengele Ikinyamaza

Methali zetu kuhusu maonyo zina tabia moja: zinamkamata msikilizaji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Ukivunjika guu, kosa ni la sikio lako. Mkuu alishasema, kazi yake imekwisha. Hata ile inayomtaja mleta habari, kwamba mjumbe hauawi, inamkinga tu. Haimuulizi alisema nini, alisema lini, na kama alinyamaza, alinyamaza kwa sababu gani.

Leo nataka tumuulize mjumbe. Na mjumbe ninayemtaka si binadamu. Ni kibomba chembamba kinachochomoza kwenye ndege, tundu lake likitazama kule ndege inakokwenda. Kazi yake ni kuiambia ndege inaikata hewa kwa kasi gani. Kikikosea, au kikisema kweli kwa namna isiyoeleweka, watu wanakufa. Nadhani ndani ya kibomba hicho kuna swali la maadili ambalo methali zetu hazijalimaliza, na sisi wa Kigoma tuna sababu ya kulisikiliza, ingawa wengi wetu tunapanda boti mara nyingi kuliko ndege. Mji huu unakumbuka 9 Aprili 2012, ndege ya Air Tanzania aina ya Dash 8 ilipoanguka hapa hapa uwanjani ikijaribu kuruka. Watu wote 39 walitoka hai. Nchi nzima inakumbuka 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani Bukoba na watu 19 wakafa. Sizitaji ajali hizo kama ushahidi wa hoja yangu. Nazitaja ili tukubaliane kwamba hili si suala la watu wa mbali.

Tuanze na bawa. Toa mkono nje ya dirisha la gari linaloshuka kutoka Mwandiga kuja mjini, konda asikuone. Ukikilaza kiganja, upepo unapita tu. Ukiinua kidogo upande wa mbele, mkono unanyanyuka wenyewe. Ukizidi kuinua, unafika mahali mkono hautaki tena kupanda. Unatikisika na kusukumwa nyuma. Hewa iliyokuwa inateleza vizuri juu ya mgongo wa kiganja imeachana nacho, imekuwa vurugu. Bawa la ndege ni hivyo hivyo. Marubani wanaiita hali hiyo stoli. Mimi nitasema bawa limeachia. Injini inaweza kuwa inanguruma sawasawa, mafuta yapo, na bado ndege inashuka kama jiwe.

Kuna jambo moja la kushika hapa. Kinacholifanya bawa liachie ni pembe yake dhidi ya hewa kuzidi kipimo. Kasi ndogo ni njia ya kawaida ya kufika huko, maana ndege inayokwenda polepole inalazimika kuinua pua ili iendelee kubebwa. Ila si njia pekee. Hilo tutalirudia.

Sasa njoo kwa watu wanaorusha ndege ndogo za jeti kwa rimoti. Usifikirie midoli. Zina injini halisi za jeti, ndogo kiasi cha kubebeka mkononi, zinazotumia mafuta ya taa, yale yale tuliyokuwa tunatia kwenye karabai za dagaa, na baadhi zinapita kilomita 300 kwa saa. Ujerumani, Marekani, Falme za Kiarabu, kuna watu wazima wenye heshima zao wanaotumia fedha ya kununua gari kwa ajili ya ndege ambayo hakuna atakayeipanda. Huku kwetu ndege zisizo na rubani zimekuja kwa ajili ya kazi. Mwaka 2018 kulikuwa na majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe kwa ndege ya namna hiyo, kilomita 60 kwa dakika kama 40. Na huku magharibi, watafiti wamezirusha juu ya misitu ya bonde la Issa kutafuta viota vya sokwe. Iwe mchezo au kazi, elimu ya bawa ni ile ile.

Kwa ndege za jeti, panapowatoa watu jasho ni kutua, na sababu ni mbili. Ya kwanza, injini haiitiki haraka. Ukiongeza nguvu kwenye rimoti, zinapita sekunde kadhaa kabla msukumo haujafika. Ukigundua umechelewa, basi umechelewa kweli. Ya pili ndiyo inayonivutia: rubani amesimama chini. Hana kiti kinachotetemeka, hasikii mlio wa upepo ukipungua, hana tumbo linaloshtuka. Ana macho tu, na macho yanaona kasi ya ndege dhidi ya ardhi, wakati bawa linajua kasi dhidi ya hewa.

Tofauti hiyo mtu wa maji anaielewa bila darasa. Mtumbwi unaoshuka na maji ya Malagarasi, ukiutazama kutoka ukingoni, unaona una haraka. Aliyemo ndani akitumbukiza mkono anaona maji yametulia kando yake. Wote wawili wanasema kweli, ila anayeweza kukuambia kama usukani utashika ni huyo mwenye mkono majini. Ndiyo kazi aliyoifanya Mfaransa Henri Pitot mwaka 1732, alipotumbukiza bomba kwenye mto Seine kupima mwendo wa maji. Bomba lake ndilo lililokuja kupanda ndege, na mpaka leo lina jina lake.

Kwa hiyo ndege ndogo inapopita na upepo nyuma yake, inaonekana inakimbia. Aliye chini anapunguza nguvu, na kumbe bawa limebakiwa na hewa kidogo sana. Kigoma ina mtego wake wa ziada. Tuko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na ndege ile ile yenye kipimo kile kile cha bomba itapita juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi kwa kama asilimia 5. Jicho lililozoea pwani litasema, mbio hizi zimezidi, punguza. Jicho halina ubaya. Linapima kitu kingine tu.

Ndiyo maana wenye ndege hizi wanafunga bomba la Pitot na kihisi kidogo cha shinikizo. Redio inarudisha namba chini, na sauti inaisoma kwenye rimoti. Mwenye ndege anapanga kengele ilie kasi ikikaribia ile ya bawa kuachia. Kanuni inayofuatwa, hata na ndege kubwa, ni kuja kutua kwa kasi kama mara 1.3 ya hiyo. Ile 0.3 ni akiba yako ya makosa: upepo ukibadilika, mkono ukitetemeka, mawazo yakihama.

Mpaka hapo mjumbe anaonekana mwaminifu. Lakini ana njia tatu za kukuangusha, na kila moja ina ndugu yake katika maisha yetu.

Ya kwanza ni kwamba anapima mbadala. Ile kengele inasikiliza kasi, na kinacholiachisha bawa ni pembe. Ndege ikilala ubavu kwa nyuzi 60 ikikata kona bila kupoteza kimo, bawa linabeba uzito mara mbili, na kasi ya kuachia inapanda kwa kama asilimia 41. Akiba yako ya 0.3 imekwisha na umebaki na deni. Kengele uliyoipanga kwa ajili ya ndege iliyonyooka imenyamaza, kwa sababu kasi iko juu ya ile uliyoitaja. Haikudanganya. Imejibu swali uliloiuliza, ila uliiuliza swali lisilo lenyewe. Waalimu wanaojua idadi ya wanafunzi waliofaulu lakini hawajui kama mtoto anasoma, wataelewa ninachosema.

Ya pili ilitokea usiku wa kuamkia 1 Juni 2009, juu ya bahari ya Atlantiki, kwenye ndege ya Air France namba 447 iliyokuwa inatoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Chembe za barafu ziliziba mabomba ya Pitot kwa muda usiofika dakika moja. Mfumo wa kujiendesha ukajitoa, ukawaachia marubani ndege. Mmoja akavuta usukani nyuma, pua ikainuka, ndege ikapanda hadi karibu futi 38,000 na bawa likaachia. Kengele ililia. Ililia kwa sekunde 54 mfululizo, pamoja na sauti ya mashine inayotaja stoli, na ndani ya chumba cha marubani hakuna aliyeitaja.

Mpaka hapo methali inatosha: sikio la kufa. Lakini endelea kusoma. Ndege ilipozidi kuzama, pua ikiwa juu, hewa iliingia kwenye mabomba kwa pembe mbaya kiasi kwamba kasi iliyopimwa ilishuka chini ya kilomita 111 kwa saa. Kompyuta zilikuwa zimefundishwa kwamba kipimo cha chini hivyo hakiwezi kuwa cha kweli kwa ndege iliyo angani. Zikakitupa. Na bila kipimo, kengele ikanyamaza. Kisha rubani aliposhusha pua kidogo, yaani alipofanya jambo sahihi, kasi ikapanda, kipimo kikaonekana halali tena, na kengele ikaanza kulia upya.

Itafakari hali hiyo. Ukizidi kuharibu, panatulia. Ukianza kurekebisha, unapigiwa kelele. Walikufa watu 228.

Ya tatu ilitokea jirani kabisa. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, Boeing 737 MAX, iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Mara tu baada ya kuruka, kihisi cha pembe cha upande wa kushoto kilitoa kipimo cha zaidi ya nyuzi 70, kipimo cha uongo mtupu. Usukani wa rubani ukaanza kutetemeka kumwonya kwamba bawa linaachia, na bawa lilikuwa halina tatizo lolote. Ingekuwa onyo tu, pengine marubani wangelivumilia. Lakini ndani ya ndege hiyo kulikuwa na mfumo uliopewa mkono: ukiamini kwamba pembe imezidi, unasukuma pua chini wenyewe. Uliamini kihisi kimoja, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Marubani walipigana nao, na dakika sita baada ya kuruka kila kitu kilikuwa kimekwisha. Miezi michache kabla, 29 Oktoba 2018, mfumo huo huo ulikuwa umewaua watu 189 wa Lion Air kule Indonesia.

Hapo ndipo methali inapokosa pa kusimama. Kwenye ndege ya 302, mashine ndiyo iliyosikia la mkuu. Ilisikia kwa utiifu kamili, bila kuuliza, na utiifu wake ukaua. Kwenye 447 onyo lilikuwa la kweli na halikusikilizwa. Ukimwambia mtu "sikiliza maonyo", umemsaidia wa kwanza na kumwangamiza wa pili. Ukimwambia "yatilie shaka", umegeuza tu majina ya wafu.

Swali hili halikuanza na ndege. Katika utetezi wake mahakamani, kama Plato alivyouandika, Socrates anasema tangu utotoni alikuwa na sauti ya ndani iliyomzuia kila alipotaka kukosea. Haikumhimiza kufanya jambo, ilimzuia tu. Yaani ilikuwa kengele. Baada ya kuhukumiwa kifo, anawaambia waliopiga kura ya kumwachia kwamba siku hiyo sauti haikumpinga hata mara moja, alipotoka nyumbani wala alipokuwa anajitetea. Kwa hiyo, anasema, lililompata lazima liwe jema, na wanaodhani kifo ni kibaya wanakosea.

Ni moja ya sehemu tulivu kuliko zote katika falsafa, na kwa muda mrefu nimeipenda. Lakini hesabu yake inasimama juu ya nguzo moja: kwamba sauti ile haina mahali inapozimika. Kwamba ikinyamaza, maana yake ni "salama", na kamwe si "hapa siwezi tena kupima". Socrates pengine alikuwa na haki ya kuiamini sauti yake. Sisi wengine tunabeba vyombo vya kawaida.

Mfikirie mweka hazina wa kikoba. Mara ya kwanza anapochukua shilingi 20,000 kwenye sanduku kwa ahadi ya kurudisha Ijumaa, halali usingizi. Anajigeuza, anahesabu mabati. Mara ya tano analala saa sita kamili. Mara ya kumi anaongoza mkutano na kuwakemea wanaochelewesha marejesho, na moyo wake ni shwari kama ziwa la alfajiri. Dhamiri imenyamaza, na yeye anasoma ukimya huo kama Socrates: ingekuwa vibaya ningesikia. Halafu inafika siku anaamua kuwaambia wenzake ukweli. Anapopiga hatua mbili kuelekea mkutanoni, tumbo linamkata, mikono inatoka jasho, kila kitu ndani yake kinapiga kelele. Atayasoma vipi maumivu hayo? Mara nyingi, jamani, anayasoma hivi: hii ni ishara nisiseme. Anarudi nyumbani. Panatulia. Amevuta usukani nyuma tena.

Ndiyo maana sikubali kwamba maadili yanaanza na kusikiliza. Yanaanza kabla, kwa kujua chombo chako kinapima nini na kinazimikia wapi. Ukimya wa dhamiri hauthibitishi usafi, na uchungu wa kurekebisha hauthibitishi kosa. Yote mawili yanaweza kuwa bomba lililozibwa.

Wasomaji wa Shaaban Robert watanikumbusha Kusadikika, kile kitabu cha mwaka 1951 kuhusu nchi iliyo angani, na wajumbe waliotumwa kwenda kutafuta maarifa, wakarudi na habari za manufaa wakatupwa gerezani. Ni kitabu kikubwa kuhusu sikio la watawala. Lakini angalia: wajumbe wa Kusadikika walirudi wakasema. Hawakujichuja wenyewe. Kompyuta za 447 zilikuwa na mjumbe wa aina nyingine, anayetupa habari kwa sababu ni mbaya mno kuwa kweli. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari chujio hiyo naiona kila mwaka, na sidhani iko kwenye magazeti peke yake. Taarifa ikiwa mbaya kidogo, inapita. Ikiwa mbaya kupita kiasi, mtu anasema takwimu hizi haziwezi kuwa sahihi, rudini mkahakikishe. Na wakati zinahakikishwa, mezani hakuna kitu. Aliye juu anatazama meza tupu na kusema mambo ni mazuri. Hakuna aliyesema uongo. Walichelewesha tu ukweli kwa sababu ya ukubwa wake.

Kengele ya 447 ilikuwa na maneno mawili tu: kulia na kunyamaza. Ilihitaji neno la tatu, "sijui". Laiti ingesema "sipimi tena", watu wale watatu wa mle chumbani wangejua kwamba utulivu walioupata ni upofu. Mzee wa ukoo, mhariri, daktari, mamlaka yoyote inayotegemewa kuonya, inadaiwa neno hilo. Kunyamaza kwako kunasomwa kama "salama", upende usipende.

Nije ziwani sasa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika, katika mpango wa pamoja na majirani wanaolizunguka ziwa hili, ili samaki wazaane na kukua. Kibirizi, Katonga na Ujiji, kila mtu alikuwa na maoni. Mimi nimezitazama nyaraka za pande zote nikiwa na ndege hizi tatu kichwani, na naona zote tatu zimeegeshwa ufukweni.

Ya kwanza, kipimo mbadala. Sokoni tunaona mavuno ya usiku: ndoo ngapi za dagaa, migebuka mingapi. Hiyo ni kasi dhidi ya ardhi. Taa ikiwa kali zaidi, jicho la nyavu likiwa dogo zaidi, safari ikiwa ndefu zaidi, ndoo zinaweza kujaa huku ziwa likipungukiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulieleza kwamba kupata joto kwa ziwa kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na kwamba chakula cha msingi cha samaki huenda kimepungua kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Hakuna ndoo mwaloni inayoweza kukuonyesha hilo.

Ya pili ni ile ya kengele inayolia unapoanza kushusha pua. Ziwa likifungwa, maumivu yanaanza siku hiyo hiyo: mwalo kimya, kitoweo adimu, mkopo unadaiwa. Miaka yote ya kuvua kupita kiasi palikuwa na furaha sokoni. Miezi mitatu ya kurekebisha ni kilio. Mtu anayepima uamuzi kwa kelele zake ataufungua mlango wa ziwa wiki ya pili, na panapotulia atasema, mmeona?

Lakini usikimbilie kupiga makofi, maana ndege ya tatu nayo ipo. Siyo kila kilio ni kengele ya kurekebisha. Mama anayeanika dagaa Katonga ana haki ya kuuliza: samaki wapumzike, sawa, na matumbo ya wanangu nayo yapumzike? Njaa ya mtoto haijaribu kupima wingi wa samaki. Inapima njaa, na inapima sawasawa. Ni kihisi cha pili, kile ambacho mfumo wa 302 haukukisoma. Na mama huyo hakulipasha ziwa joto. Mamlaka inayosukuma pua chini kwa kusoma kihisi kimoja, hata kama kihisi hicho ni cha kweli, inafanya kosa lile lile la kujipa mkono kabla ya kusikiliza wote. Kufunga ziwa kunaweza kuwa sahihi, na kumwacha mama huyo bila jibu kukawa kosa, kwa siku hiyo hiyo moja.

Basi mtu afanye nini akiwa katikati ya kengele zinazopingana? Hapa nawarudia warusha ndege ndogo, kwa sababu wana desturi ninayoipenda kuliko ushauri wote niliousoma. Kabla ya kuiamini kengele yao, wanaipeleka ndege juu sana, siku tulivu. Wanapunguza nguvu makusudi, kidogo kidogo, mpaka bawa liachie. Ndege inaanguka, wanaipa kasi, inashika hewa tena. Wanaandika namba. Wanarudia mara mbili, tatu, magurudumu yakiwa nje na yakiwa ndani. Ndipo wanapanga kengele. Wameitafuta stoli wakiwa na nafasi ya kuanguka, ili wasikutane nayo kwa mara ya kwanza wakiwa mita tatu juu ya lami.

Na marubani wa ndege kubwa wana desturi ya pili. Vipimo vya kasi vikianza kubishana, wanafundishwa kuviacha vyote kwa muda: weka pua kwenye pembe inayojulikana, weka nguvu kwenye kiwango kinachojulikana, kwa sababu pembe hii na nguvu hii zimewahi kuibeba ndege hii. Kisha, ukiwa umetulia, tafuta mjumbe yupi anasema kweli. Wanarudi kwenye jambo waliloliamua mapema, kichwa kikiwa kimepoa.

Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya maadili ambayo methali haikuifikia. Kikoba kihesabu sanduku mbele ya wote mwezi ambao hakuna anayemshuku mtu, na mweka hazina awe wa kwanza kulidai hilo. Mhariri aulize siku isiyo na habari kubwa: taarifa mbaya kupita kiasi, hapa kwetu inapitia mlango gani? Na kabla ya kulifunga ziwa, ukiwepo mkutano wa mwaloni, nyoosha mkono uulize mambo matatu, tena uandike majibu. Tutapima nini kujua kwamba samaki wanarudi, zaidi ya ndoo? Ni maumivu gani tunayategemea, na yapi yakitokea tutakubali kwamba tumekosea? Na nani atatuambia, waziwazi, siku atakapokuwa hajui?